Folklore ya Nelly Furtado: albamu ambayo wapiga muziki wa Unguja huiruka

Mtajie Nelly Furtado, mwimbaji wa Kanada, mpiga muziki (DJ) yeyote wa hoteli za Nungwi au Paje, atakujibu Promiscuous, Maneater na Say It Right, zote za albamu ya Loose ya 2006. Hakosei, maana ndizo zilizouza na ndizo zinazowatoa watu vitini. Lakini anayetaka kujua sauti ile ilitoka wapi asianzie hapo. Aanzie Folklore, albamu yake ya pili, iliyotolewa na kampuni ya DreamWorks Novemba 2003. Ina nyimbo 12 na inachukua takriban dakika 50. Kwa kusikiliza nyumbani tunaipa 8 kati ya 10. Kwa harusi na ufukweni tunaipa 4, na sababu zake zipo huko mbele.

Nelly ni mzaliwa wa Victoria, British Columbia, huko Kanada, tarehe 2 Disemba 1978. Wazazi wake ni watu wa São Miguel, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Azores, visiwa tisa vya Ureno vilivyo peke yao ndani ya bahari ya Atlantiki. Kanada ilianza kuchukua wafanyakazi wa Kireno mwaka 1953, na watu wa visiwa hivyo wakaondoka kwa maelfu. Mama yake alifanya kazi ya usafi hotelini, na Nelly alikuwa akienda kumsaidia wakati wa likizo za skuli. Mtoto wa Kipemba aliyekulia Ng'ambo, Mombasa au London haya hahitaji kufafanuliwa.

Kinachotuhusu zaidi ni muziki aliolelewa nao. Alisimama mbele ya watu kuimba kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 4, pamoja na mama yake, katika sherehe ya Siku ya Ureno. Akiwa na miaka 9 alianza kujifunza tromboni na ukulele. Alipokuwa kijana alipiga katika bendi ya Kireno ya matembezi, zile za matarumbeta na ngoma zinazopita barabarani. Kwa lugha ya hapa kwetu, binti huyu alikulia kwenye beni.

Hilo si la kupitwa haraka. Huko Azores karibu kila kijiji kina bendi yake ya matarumbeta, na kazi yake kubwa ni kupita mitaani siku ya sikukuu ya kijiji. Aliyewahi kuifuata beni ya harusi Mwembetanga au Kikwajuni anajua jinsi muziki wa namna hiyo unavyojengwa. Wimbo ni mfupi, ngoma haibadiliki, kiitikio kinarudiwa mpaka hata aliyechelewa kufika anakishika, na hakuna mpigaji mmoja anayeruhusiwa kujionyesha kwa muda mrefu. Sikiliza viitikio vya Folklore kwa sikio hilo utaikuta kawaida ile ile. Nelly haimbi juu ya muziki kama mwimbaji wa taarabu anayesubiri fidla na kanuni zimalize ndipo aingie. Anaimba ndani ya muziki, na mara nyingi sauti yake imerikodiwa mara tatu au nne juu yake mwenyewe ili isikike kama kundi.

Jambo la pili ni nyuzi. Ukulele inajulikana duniani kama chombo cha Hawaii, lakini asili yake ni machete, gitaa dogo la Madeira, lililofikishwa Hawaii na wahamiaji wa Kireno mwaka 1879. Ureno imejaa vyombo vya ukoo huo, vidogo, vya nyuzi nne, vinavyopigwa haraka na kutoa sauti kali isiyodumu. Katika Folklore kazi hiyo imepewa banjo. Banjo si chombo cha Kireno, ni cha Marekani, na aliyeipiga kwenye Força ni Mmarekani Béla Fleck, bingwa wa chombo hicho. Hata hivyo imewekwa pale pale ambapo Mreno angeweka cavaquinho, mojawapo ya vyombo hivyo vya nyuzi nne: juu ya ngoma na chini ya sauti, ikijaza kila nafasi ndogo iliyobaki. Anayejua udi ataona tofauti mara moja. Udi unapumua baina ya nota na nota. Banjo haipumui kabisa.

Força ni wimbo namba 6, na ndio wa kuujaribia albamu nzima kabla hujatoa pesa. Ulikuwa wimbo rasmi wa mashindano ya soka ya Ulaya ya mwaka 2004 yaliyofanyika Ureno, na Nelly aliuimba Estádio da Luz mjini Lisbon tarehe 4 Julai, siku ya fainali. Ureno ikafungwa 1–0 na Ugiriki nyumbani kwao, kwa hiyo kwa Wareno wengi wimbo huu una uchungu ambao mtunzi hakuutia. Usikilize mara tatu. Mara ya kwanza fuata banjo peke yake. Mara ya pili achana na banjo, fuata ngoma, ujaribu kupiga makofi. Ukikuta makofi yako yanaangukia kati ya mapigo, uko sawa, ndivyo inavyotakiwa. Mara ya tatu subiri kiitikio. Beti ni za Kiingereza, kiitikio kinahamia Kireno, na hapo ndipo sauti yake inapobadilika. Ile hali ya kuimbia puani inapungua, mdomo unafunguka, na irabu zinavutwa. Wimbo huu ukikupita bila kukugusa, basi usinunue Folklore, rudi kwenye Loose na utapata raha yako.

Powerless, namba 2, umejengwa juu ya kipande kilichochukuliwa kutoka Buffalo Gals ya Malcolm McLaren, ndiyo maana unasikia ngoma za mtaani zikienda pamoja na nyuzi za shamba. Maneno yake ni malalamiko ya msichana ambaye magazeti yanamtia weupe usoni kuliko alivyo, ili auzike. Kisiwa hiki, ambapo kikopo cha mkorogo kinauzwa mlango wa pili kutoka duka la khanga, kinaweza kuuelewa wimbo huo bila mkalimani. Ni wimbo bora wa albamu kwa utunzi. Kwa urikodi ni wa pili nyuma ya Força, kwa sababu hapa besi na ile sampuli vinagombania nafasi moja, na kwenye spika ndogo besi ndiyo inayoshindwa.

Fresh Off the Boat, namba 5, ni wa wahamiaji, una kelele na kejeli nyingi, na mtu huuzoea baada ya muda. Try, namba 4, ni wa polepole, unapanda taratibu, na ndio pekee tunaothubutu kuupendekeza kwa mgahawa wakati wa chakula cha jioni. One-Trick Pony, unaofungua albamu, una Kronos Quartet, kundi la Marekani la wapiga nyuzi wanne, kwenye fidla. Island of Wonder ameshirikishwa Caetano Veloso wa Brazil, na jina lake kubwa linakufanya utegemee zaidi ya unachopata. Wa mwisho, Childhood Dreams, ni wa binti yake Nevis, aliyezaliwa Septemba 2003, miezi miwili tu kabla ya albamu kutoka. Zilizobaki ni nzuri za kupitisha, hazina la kumzuia mtu.

Kasoro ya Folklore ni msongamano. Nelly na watayarishaji wake, Gerald Eaton na Brian West, wameweka kila walichokipenda: banjo, fidla, ngoma za mikono, sampuli, viitikio vya juu na vya chini. Vyombo vingi kati ya hivyo vinakaa eneo moja la sauti, la katikati, na sauti ya Nelly nayo ni nyembamba na iko hapo hapo. Ndiyo maana kwenye spika ya simu albamu inakuwa fujo tupu. Si kwamba sauti haitoshi, ila vyote vinasema kwa pamoja. Ukiwa na kisawazishi cha sauti, punguza kidogo kati ya 300 na 500 Hz, kama desibeli 2 au 3, na mambo yatafunguka. Usiongeze sauti za juu, banjo itaanza kuchoma masikio.

Haikuuza kama ile ya kwanza, Whoa, Nelly!, ya Oktoba 2000, iliyompa Grammy mwaka 2002 kwa I'm Like a Bird. Wapo wanaosema watu hawakuupenda Ureno wake. Hiyo ni nusu ya habari. DreamWorks ilikuwa inauzwa kwa Universal mwezi ule ule Folklore inatoka, na kampuni inayohama haina mkono wa kuusukuma wimbo redioni.

Ndipo akaja Timbaland, mtayarishaji wa Kimarekani, na Loose. Hapa tuzungumze na wapiga muziki, maana ndio wanaoitumia. Promiscuous uko kwenye mapigo 114 kwa dakika, Say It Right 117, Maneater 133. Kutoka wa kwanza kwenda wa pili ni tofauti ya chini ya asilimia 3, mashine yoyote inaweza na sikio halishtuki. Kutoka Say It Right kwenda Maneater ni karibu asilimia 14, na mashine nyingi mwisho wake wa kubadili kasi ni asilimia 8 au 10. Anayelazimisha hupata moja kati ya mawili: sauti ya Nelly inakuwa ya mtoto, au ngoma zinagongana kwa sekunde kadhaa na watu wanarudi vitini. Dawa ni kupitisha wimbo wa mapigo kama 125 katikati, ambao uko asilimia 7 hivi kutoka kila upande. Au kata kabisa, acha kimya cha pigo moja, uingie na Maneater mwanzo wake wenye ngoma tupu. Besi za Loose pia ni nzito chini ya 40 Hz, mahali ambapo spika za inchi 8 hadi 10 za ufukweni hazifiki. Zinatikisika tu bila kutoa kitu na zinaharibika. Kata chini ya hapo.

Kuhusu harusi: Promiscuous ni mazungumzo ya mwanamume na mwanamke wanaotongozana bila kificho, na siku hizi hakuna ukumbi wa Unguja usio na wanaojua Kiingereza. Mbele ya mashangazi na mabibi usiupige hata bila maneno, kwa sababu vijana watayaimba wenyewe. Say It Right ndio salama. Folklore nzima ni salama kwa maneno, ila haichezeki kwa mtindo wa ukumbini, na ndiyo maana ya ile alama 4. Bibi harusi hawezi kuingia na Força. Wimbo unakimbia, naye anatakiwa aende pole.

Urithi wa Wareno si mgeni visiwani humu. Ngome Kongwe ya Forodhani ilijengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa dogo la Wareno, baada ya wao kufukuzwa pwani hii mwishoni mwa karne ya 17. Pemba bado wana mchezo wa ng'ombe, unaosemwa ni masalio yao: fahali anafungwa kamba, vijana wanamchokoza kwa kitambaa, na zumari inalia pembeni muda wote. Terceira, kisiwa kingine cha Azores, nako fahali hutolewa barabarani na kamba ndefu shingoni, wanaume wakishika ncha yake. Nelly ni wa São Miguel, si wa Terceira, na hakuna ng'ombe katika albamu hii. Lakini Mpemba aliyezoea zumari, yenye sauti kali isiyonyamaza wakati rabsha inaendelea chini yake, ataipokea banjo ya Força haraka kuliko mtu wa mjini aliyelelewa na taarabu ya kikundi kikongwe cha Nadi Ikhwan Safaa.

Tukija kwenye lawama ya mashabiki wa Kireno, kwamba lugha yao ameiweka nyuma, ina msingi. Mwaka 2009 alitoa Mi Plan, albamu nzima ya lugha moja, na lugha hiyo ni Kihispania. Ilimpatia Latin Grammy mwaka 2010. Albamu nzima ya Kireno hajatoa mpaka leo. Kibiashara inaeleweka, soko la Kihispania Marekani ni kubwa na milango alishafunguliwa na Juanes wa Kolombia, aliyeimba naye Fotografía. Kimuziki, Mi Plan ni safi, imepangwa vizuri, na haina joto. Anayetafuta Kireno atafute badala yake The Most Beautiful Thing katika The Spirit Indestructible ya 2012, alioimba na Sara Tavares, Mreno mwenye asili ya Cape Verde. Nyimbo za ziada za albamu hiyo zina pia kwaya ya wavulana wa Kenya. Wakati huo Nelly alikuwa ametoa dola milioni 1 kwa ajili ya skuli ya sekondari ya wasichana huko Maasai Mara. The Ride ya 2017 na 7 ya 2024 ni za kusikiliza ukishampenda, si za kukufanya umpende. Na Ureno nao walimtambua mwaka 2014 kwa nishani ya Infante Dom Henrique, aliyovishwa na Rais Cavaco Silva mjini Toronto.

Sasa namna ya kuipata na kuitunza. Kwa kusikiliza mtandaoni, Folklore nzima kwa ubora wa juu wa kbps 320 hula kama MB 120 za bando lako. Kwa ubora wa chini wa kbps 96 ni kama MB 36. Ubora wa chini unatosha kwa Try. Kwa Força hautoshi, kwani kitu cha kwanza kinachotupwa sauti inapobanwa ni ile ncha ya mguso wa uzi, na banjo bila ncha ile inasikika kama mvua juu ya bati. Pakua mara moja ukiwa kwenye WiFi, kisha sikiliza bila mtandao. Jihadhari na nakala za bure zinazozunguka kwenye flashi. Nyingi zimeongezwa kasi, nyingine zimeimbwa na watu wengine, na nyingine zina jina la mpiga muziki linalopigiwa kelele katikati ya wimbo. Kagua urefu wa kila wimbo ukilinganisha na ulioandikwa mtandaoni; sekunde tano pungufu ni dalili tosha.

Ukibahatika kupata sidii ya asili, adui yake hapa ni unyevu na chumvi. Wakati wa masika ukungu huota kwenye diski kama unavyoota kwenye kioo cha kamera. Osha kwa maji safi na tone la sabuni ya vyombo, kausha kwa kitambaa laini cha pamba ukitoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Mkwaruzo wa kuzunguka unafuata njia ya data na kufuta vipande virefu; wa kukata njia mashine inaweza kuuvumilia. Dawa ya meno isitumike, wala petroli. Kisha inakili kwenye kompyuta kwa mfumo wa FLAC, usiopunguza ubora wa sauti, ambao kwa albamu hii utachukua kama MB 300 hadi 350, uiweke diski mbali na dirisha la baharini.

Kosa moja la mafundi wa hoteli: mgahawa una spika moja, fundi anachomeka waya wa kushoto tu. Kwa Folklore hilo ni balaa, kwa sababu vyombo vimegawanywa kushoto na kulia, na utapoteza nusu ya viitikio. Usiziunganishe nyaya mbili kwa mkono, utaua ampu ya chanzo. Tumia kitufe cha mono kwenye mikseri au kwenye mipangilio ya simu, upande wa huduma za ufikivu.

Ukiimaliza Folklore na ukataka nyingine, chukua Whoa, Nelly! kabla ya Loose. Scared of You, wimbo wake wa mwisho, una Kireno, na haujasongwa na vyombo. Ila kama watoto wapo chumbani, ruka namba 2. Tusi lipo mpaka kwenye jina la wimbo.